Karatasi ya Mshahara wa Mtu wa Treni, na Namna ya Kuihesabu

(Maneno aliyoyasema mweka hazina wa tawi mbele ya wanachama wanaofanya kazi ndani ya treni. Yamepigwa chapa kwa ombi la mkutano.)



Kamati ya tawi imeniagiza niseme juu ya karatasi ya mshahara. Najua jambo hili halina utamu. Lakini kila mwisho wa mwezi nyumba ya ofisi yetu hujaa watu wenye maneno mamoja: "Ndugu, nimekatwa sana." Nikimwuliza huyo ndugu amekatwa nini na kwa kiasi gani, hana jibu, kwa sababu ametazama mstari mmoja tu, ule wa chini kabisa wenye fedha zinazokwenda benki. Fedha zikiwa chache husema Serikali imekula, au Chama kimekula, kisha huikunja karatasi na kuitupa. Siku hizi hata kuikunja hakuna. Huja ndani ya simu, na simu ikipotea karatasi za mwaka mzima zimepotea nayo.

Mimi nasema hivi: mtu wa treni hupoteza fedha nyingi zaidi katika nusu ya juu ya karatasi, mahali ambapo hakuna aliyekata kitu chochote, ila kitu hakikuandikwa. Makato ya chini yamewekwa na sheria, na mtu yeyote aliyekwenda shule anaweza kuyapima kwa kalamu. Lakini saa zako ulizofanya kazi hazimo katika sheria yoyote. Zimo katika daftari tu, na kama daftari ni la karani peke yake, basi neno la karani ndilo la mwisho. Kwa hiyo nitaanza juu.

Karatasi yako huanza kwa mshahara wa msingi. Huo haubadiliki mwezi kwa mwezi, na ukibadilika bila barua ujue kuna jambo. Chini yake ni posho ya nyumba. Msiidharau posho hii. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, waliacha kazi mji mzima, na taabu ya nyumba na kodi zake ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka tajiri ampe mfanya kazi mahali pa kufaa pa kulala, au ampe fedha za kutosha kupanga, isipokuwa pale ambapo fedha hizo zimekwisha kuunganishwa na mshahara kwa mapatano. Anayekaa katika nyumba ya tajiri hapati posho hiyo, na nyumba yenyewe huhesabiwa kuwa sehemu ya mapato yake wakati wa kodi. Mtu aliyehama nyumba ya kazi na kwenda kupanga mtaani, na aangalie mwezi uleule kama posho imeanza kuandikwa. Haiji yenyewe.

Sasa tufike kwenye ovataimu, na hapa nitakawia kidogo.

Fundi wa karakana huingia saa moja asubuhi na kutoka jioni, na mlango humhesabia. Mtu wa treni hana mlango wa namna hiyo. Unaripoti Nairobi usiku, treni ya mizigo inachelewa kuunganishwa, inaondoka, inasimamishwa njiani kupisha nyingine, mnakaa hapo saa mbili, mnafika Mombasa jua limekwisha kuwa kali. Kazi yako ilianza lini na ilikwisha lini? Kazi ilianza ulipotia sahihi ya kuripoti, si treni ilipopiga honi. Na ilikwisha ulipomkabidhi mwenzako treni na karatasi zake na kutia sahihi ya kutoka, si magurudumu yaliposimama. Ukiandikiwa saa ya kuondoka na saa ya kufika peke yake, umenyang'anywa kichwa na mkia wa safari. Tuseme ni nusu saa huku na nusu saa kule. Kwa safari kumi na mbili hizo ni saa kumi na mbili za mwezi.

Saa kumi na mbili ni fedha ngapi? Hebu tuhesabu. Agizo la jumla la mishahara la Kenya linasema saa za kazi za kawaida ni 52 kwa juma, na kwamba saa moja ya mtu anayelipwa kwa mwezi haitahesabiwa chini ya sehemu moja ya 225 ya mshahara wake wa msingi. Ovataimu ya siku ya kawaida ni saa hiyo mara moja na nusu. Ya siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili. Mapatano ya mahali pako pa kazi yaweza kuwa bora kuliko hayo, na yakiwa bora ndiyo yatakayofuatwa, kwa hiyo mwulize mwakilishi wako akuonyeshe kifungu.

Mchukue gadi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 48,000. Gawa kwa 225, unapata shilingi 213 na senti 33. Mara moja na nusu ni shilingi 320 kwa saa. Akiwa amekwisha kutimiza saa zake za juma, zile saa kumi na mbili za kichwa na mkia ni shilingi 3,840 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 46,080, karibu mshahara wake wa msingi wa mwezi mmoja. Hakuna makato yoyote ya Chama yanayokaribia fedha hizo, lakini hizo hazipigiwi kelele, maana hazikuonekana.

Dawa yake ni daftari dogo la mfukoni la kila mtu mwenyewe. Andika tarehe, namba ya treni, saa ya kuripoti, saa ya kutoka, mahali mlipokawia na sababu yake, na kama ulilala nje. Andika siku ileile. Daftari linaloandikwa lote usiku wa kuamkia mshahara, kwa wino mmoja, halimsadikishi mtu, na mimi nimeyaona mengi ya namna hiyo. Kumbuka tena kwamba makarani wengi hufunga hesabu kabla ya mwezi kwisha, hivyo saa za siku za mwisho huingia katika karatasi ya mwezi unaofuata. Usiende kugombana mapema. Linganisha miezi miwili pamoja.

Kuna posho nyingine inayotuhusu sana sisi kuliko watu wa ofisini, nayo ni ya kulala na kula nje ya kituo. Sheria ya kodi inasema fedha anazopewa mtu kwa siku alizokuwa kazini nje ya kituo chake cha kawaida, za chakula, malazi na safari, hazihesabiwi kuwa mapato mpaka kiasi fulani kwa siku. Kiasi hicho kilikuwa shilingi 2,000 kwa miaka mingi, na tangu tarehe 1 Julai 2025 kikapandishwa kuwa shilingi 10,000. Maana yake ni nini? Ukilala nje siku nane kwa shilingi 1,500, hizo ni shilingi 12,000 za kurudishiwa ulichokula, wala si mshahara. Zikitiwa katika mstari wa mshahara, zitatozwa kodi, na kwa mtu wa kiasi cha yule gadi wetu shilingi 30 zitakwenda katika kila 100, yaani shilingi 3,600 zimepotea kwa kosa la kuandika mahali pasipo pake. Basi tazama mstari huo umekaa wapi. Na barua yako ya kazi iwe inasema wazi kituo chako ni kipi, maana bila hiyo mtu anaweza kubisha kwamba Mombasa na Nairobi zote ni kwako.

Tumemaliza juu. Tushuke.

Makato ya sheria ni manne: NSSF, mfuko wa afya, ushuru wa nyumba, na kodi ya mapato. Nitatumia viwango vya mwaka 2025. Ikiwa Bunge litavibadili, nanyi mbadili namba, njia ya kuhesabu mtaiona. Tunaendelea na gadi wetu: msingi 48,000, posho ya nyumba 12,000, jumla 60,000. Mwezi huo hakupata ovataimu.

NSSF ni shilingi sita katika kila mia. Zamani kila mtu alikatwa shilingi 200 tu, awe mkubwa au mdogo. Tangu Februari 2023 sheria ya mwaka 2013 ilipoanza kufuatwa, mchango hufuata mshahara mpaka kikomo, na kikomo kimekuwa kikipandishwa kila Februari. Februari 2025 kilifika 72,000. Gadi wetu yuko chini ya kikomo, kwa hiyo anatoa 3,600. Tajiri naye lazima aongeze 3,600 zake mwenyewe. Katika taarifa yako ya NSSF zinapaswa kuonekana 7,200 kwa mwezi, isipokuwa kama sehemu moja inapelekwa katika mfuko mwingine wa pensheni wa kazini kwenu.

Mfuko wa afya ulichukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Ni shilingi mbili na senti 75 katika kila mia ya mshahara wote, bila kikomo cha juu. Kwa 60,000 ni shilingi 1,650. Katika huu tajiri haongezi kitu. Ushuru wa nyumba ni shilingi moja na nusu katika kila mia, hapa shilingi 900, na tajiri anaongeza nyingine 900.

Sasa kodi, na hapa ndipo karani asiye mwangalifu hukosea. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 mfuko wa afya na ushuru wa nyumba huondolewa kwanza, pamoja na NSSF, ndipo kodi ihesabiwe juu ya kilichobaki. Chukua 60,000, toa 3,600, toa 1,650, toa 900. Zinabaki 53,850. Hizo ndizo zinazotozwa.

Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa kumi katika mia: 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa ishirini na tano katika mia: 2,083 na senti 25. Zilizobaki, 21,517, hutozwa thelathini katika mia: 6,455 na senti 10. Jumla ni 10,938 na senti 35. Kisha kila mfanya kazi mkazi husamehewa shilingi 2,400 kwa mwezi. Kodi ya gadi wetu ni shilingi 8,538 na senti 35.

Naona ndugu huko nyuma wanaandika mkononi. Vizuri, lakini andikeni na hili: kama karani hakuondoa ule mfuko wa afya na ushuru wa nyumba kwanza, gadi huyu atalipa kodi ya shilingi 765 zaidi kila mwezi, na kwa mwaka 9,180. Kosa la namna hii haliwezi kuonekana kwa macho, kwa sababu kila mstari una jina lake sahihi. Huonekana kwa kuhesabu tu.

Jumlisha manne hayo: 3,600 na 1,650 na 900 na 8,538.35. Ni shilingi 14,688 na senti 35. Zinabaki 45,311 na senti 65 kabla ya makato mengine. Mtu akisema nusu ya mshahara wake inaliwa na Serikali, mpe kalamu. Ni karibu robo. Robo ni nyingi, sibishi, na Chama kina haki ya kulisemea jambo hilo panapohusika. Lakini tusemee kiasi kilicho kweli, tusije tukachekwa mezani.

Nusu ile nyingine ya mshahara basi huenda wapi? Aghalabu tumeipeleka wenyewe. Ni SACCO, ni mkopo wa benki, ni bima, ni mkopo wa kazini. Sheria inaruhusu makato haya ikiwa mfanya kazi ameomba kwa maandishi na tajiri mwenyewe hana faida yake humo. Mstari wenye jina usilolijua, uliza barua yenye sahihi yako iko wapi. Wako watu walioendelea kukatwa bima ambayo wameisahau, na wako waliomaliza mkopo wakaendelea kulipa miezi miwili mitatu kwa sababu hakuna aliyepeleka barua ya kusimamisha.

Makato ya Chama yamo katika fungu hili la hiari. Hukatwa kwa amri ya Waziri chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kwa mwanachama aliyetia sahihi ile fomu inayoitwa Fomu S, na tajiri akiisha kupokea fomu ana siku thelathini kuanza kukata na kupeleka katika akaunti ya Chama. Mwanachama anayetaka kutoka huandika barua. Asiye mwanachama lakini anafaidi mapatano tuliyoyapigania anaweza kukatwa ada ya uwakilishi, ikiwa amri ya ada hiyo imetolewa. Wanaolalamika zaidi juu ya ada hii ni wale waliopokea nyongeza bila kuhudhuria mkutano hata mmoja, lakini tuliache hilo.

Kuna makato ya namna ya tatu, nayo yanawaumiza watu wa treni hasa. Taa imepotea, redio ya mkononi imevunjika, fedha za tikiti zimepungua, behewa limeharibika. Mwisho wa mwezi unaona mstari: "Hasara." Sheria ya Ajira, kifungu cha 19, imetaja moja kwa moja ni hasara gani inayoweza kukatwa. Mali iliyoharibika au kupotea yaweza kukatwa kiasi cha haki ikiwa imetokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Si ajali, si uchakavu, si wizi uliofanywa na mtu mwingine wakati wewe uko upande wa pili wa treni unakagua breki. Upungufu wa fedha waweza kukatwa kwa mtu ambaye kazi yake ni kupokea na kutunza fedha, ikiwa umetokana na uzembe wake au udanganyifu. Na siku usiyofika kazini bila ruhusa wala sababu ya haki hukatwa mshahara wa siku hiyo, usizidi. Neno "faini" halimo kabisa katika orodha hiyo. Kwa hiyo mkaguzi wa tikiti akikatwa, swali lake la kwanza ni hili: ni nani aliyechunguza, na mimi niliulizwa lini? Usitie sahihi karatasi ya kukubali hasara ukiwa umechoka na safari. Sema utaisoma, umwite mwakilishi.

Ukilipwa zaidi kwa makosa, fedha hizo tajiri anaweza kuzirudisha kwa kukata. Ukiona mshahara umenona bila sababu, usinunue ng'ombe.

Juu ya makato yote hayo sheria imeweka ukuta. Makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima ifike mkononi. Kwa gadi wetu wa 60,000, makato yasizidi 40,000, na asipokee chini ya 20,000. Ya sheria yamekwisha kula 14,688 na senti 35, basi nafasi iliyobaki kwa SACCO na mikopo na Chama ni 25,311 na senti 65. Tena mkopo aliokupa tajiri mwenyewe usikate zaidi ya nusu ya kile kinachobaki baada ya makato mengine. Nimeona karatasi ambayo kilichobaki hakifiki hata shilingi elfu tatu. Mwenye karatasi hiyo aliona haya kuileta, akidhani kosa ni lake kwa kukopa. Kukopa ni lake, lakini kuvuka theluthi si halali, na karani anayeruhusu hivyo anavunja sheria.

Liko jambo moja zaidi, na ni zito. Kukatwa si kupelekwa. Fedha iliyokatwa kwako inaweza kuandikwa vizuri katika karatasi na isifike inakokwenda. Kodi na michango hiyo ya sheria inapaswa iwe imefikishwa ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Tajiri anayekata na asipeleke ana kosa la jinai, na hukumu yake yaweza kuwa faini ya mpaka shilingi 100,000 au kifungo cha mpaka miaka miwili au vyote viwili. Lakini tajiri hatashtakiwa na mtu asiyejua. Kwa hiyo mara moja kila miezi mitatu omba taarifa yako ya NSSF, hakikisha kwa simu kwamba mfuko wa afya unakutambua kuwa umelipiwa, na uliza SACCO yako salio. Usingoje mpaka mtoto yuko hospitali. Mwisho wa mwaka dai fomu ya P9, uilinganishe na karatasi zako kumi na mbili kabla ya kupeleka taarifa ya kodi, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni.

Na ukiona kosa, fanya hivi. Kwanza jua kwamba karatasi yenyewe ni haki yako. Kifungu cha 20 kinamtaka tajiri akupe maelezo ya maandishi wakati wa malipo au kabla yake, yenye mshahara wote na kila kato na sababu yake. Mwendee karani kwa adabu, na daftari mkononi. Makosa mengi humalizika dirishani, kwa kuwa karani naye ni mfanya kazi na ana majina mia mbili mbele yake. Asiposikia, andika barua fupi yenye tarehe na kiasi, ubaki na nakala, umpe mwakilishi. Isipomalizika hapo, Chama kitaipeleka mbele. Lakini msikae nayo. Madai ya kazi yana mwisho wake katika sheria, miaka mitatu, na mtu huja hapa na kosa la mwaka wa nne mikono mitupu, hatuna la kumfanyia.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na wapo wanaoripoti kazini saa kumi na mbili. Daftari za mfukoni ziko mezani kwa katibu, Chama kimezinunua, kila mtu achukue moja. Nitakuwa ofisini Jumamosi mbili zijazo tangu saa tatu asubuhi. Njooni na karatasi za miezi mitatu, za simu mzipige chapa kwanza, pamoja na barua ya kazi. Yule aliyenionyesha mstari wa "Hasara" kabla ya mkutano na asiondoke, tuonane sasa hivi.